Beji ya redio: sikio kwanza, mdomo baadaye

Mpe skauti wa miaka kumi na miwili kipaza sauti siku ya kwanza na atasema "halo, halo, mnanisikia?" Akijibiwa ataduwaa, kwa sababu jibu limekuja na mikwaruzo, kwa lafudhi asiyoizoea, na herufi zimepita kabla hajashika kalamu. Ndiyo maana mwongozo huu, uliopangwa kwa viongozi wa makundi ya skauti Kigoma na Tabora, unakificha kipaza sauti mpaka Jumamosi ya tano. Mpango mzima ni Jumamosi sita, saa mbili kila moja, vijana wanane kwa redio moja. Wakizidi wanane, wa nyuma wataanza kurushiana mawe.

Masharti ya beji hutofautiana nchi kwa nchi. Kama kundi lako halina orodha yake, pima kwa sharti la beji ya redio ya skauti wa Marekani: kijana afanye mazungumzo ya dakika kumi, ya kweli au ya kuigiza, kwa kutumia alama za mwito (jina la kila kituo hewani) na vifupisho sahihi. Hilo neno "kuigiza" lina thamani kubwa, kwani sehemu kubwa ya kazi inaweza kufanyika bila kurusha wimbi hata moja.

Kurusha ni suala la leseni ya redio ya ridhaa, ile ya kuwasiliana bila biashara, kutoka TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na alama ya mwito ya Tanzania itaanza na 5H. Kijana asiye na leseni husema akiwa chini ya mkono wa mwenye leseni, tena pale tu masharti ya leseni hiyo yanaporuhusu. Yasome masharti hayo kabla hujawaita wazazi kushuhudia. Zile redio ndogo za mkononi zinazouzwa madukani haziji na ruhusa ndani ya boksi.

Herufi

Hapa tumia Jumamosi nzima, na robo saa ya kila Jumamosi inayofuata. Mtoto aliyejifunza alfabeti ya Kiswahili na ya Kiingereza kwa pamoja ana masikio mawili yanayogombana. Akisikia E ya Kiingereza anaandika I. Akisikia A anaandika E. R inasikika "aa", basi anaandika A. G na J zinabadilishana viti kila mara, na M na N hata mtu mzima huzichanganya mawimbi yakiwa mabovu. Alfabeti ya matamshi inayotumika duniani tangu 1956 ilitengenezwa kwa ajili ya ugonjwa huu: Alfa, Bravo, Charlie, Delta, Echo, Foxtrot, Golf, Hotel, India, Juliett, Kilo, Lima, Mike, November, Oscar, Papa, Quebec, Romeo, Sierra, Tango, Uniform, Victor, Whiskey, X-ray, Yankee, Zulu.

Usiwasumbue kwa lafudhi. Kijana wa Tabora aliyekulia kwenye Kinyamwezi anaweza kusema "Lomeo", na wa Kigoma aliyekulia kwenye Kiha akasema "Rima". Haidhuru. "Lomeo" haiwezi kudhaniwa kuwa Lima, wala "Rima" haiwezi kuwa Romeo, maana neno zima ndilo linalobeba herufi. Kinachokatazwa ni kubuni maneno yao wenyewe. "K kama Kaka" inaeleweka Urambo lakini haieleweki Poland.

Zoezi linalofanya kazi ni vituo vya reli. Mmoja anasimama nyuma ya ukuta na kutaja kituo kwa alfabeti ya matamshi, wengine wanaandika. Anza na Uvinza, nenda Kaliua, kisha Nguruka: November, Golf, Uniform, Romeo, Uniform, Kilo, Alfa. Mtihani wa mwisho ni Kazuramimba, herufi kumi na moja, zisomwe mara moja tu. Atakayekosa mbili au zaidi arudie wiki ijayo. Wakati wa kuandika, kalamu haisubiri neno liishe: akisikia "Kilo" aandike K papo hapo, bila kujaribu kubashiri jina. Anayebashiri huandika "Kazu…" akasimama, na herufi nne zinampita.

Nambari hewani husemwa kwa Kiingereza unapozungumza na nchi za mbali. Mkizungumza Kiswahili na majirani, jihadharini na sita na tisa. Zina herufi zilezile, na mawimbi yakichafuka zinasikika kama moja. Yule anayetuma aseme nambari, kisha airudie kwa kuhesabu: "tisa, saba-nane-tisa".

Zoezi la bure kabisa la nidhamu ya zamu ni ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Bonyeza, hesabu moja kimoyomoyo, sema, achia. Ujumbe usizidi sekunde 20, na msikilizaji haruhusiwi kuurudia. Kosa la kukata silabi ya kwanza, ambalo kwenye redio ya kweli hula mwanzo wa alama ya mwito, litajionyesha lenyewe hapo.

Saa

Ukiona daftari la mawasiliano lina makosa, mara nyingi kosa liko kwenye safu ya saa. Redio ya ridhaa huandika saa ya UTC, saa ya pamoja ya dunia nzima, ambayo iko nyuma ya saa ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Vitabu vya kigeni vinawaambia vijana "toa tatu", nao wanatoa tatu kwenye saa ya Kiswahili, kisha wanashangaa mazungumzo ya saa nne asubuhi kuandikwa 01:00.

Kwa saa ya Kiswahili kanuni inageuka kuwa kujumlisha. Kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, ongeza 3: saa nne asubuhi ni 07:00, saa saba mchana ni 10:00, saa kumi na mbili jioni ni 15:00. Kuanzia saa moja usiku hadi alfajiri, ongeza 15, na ikifika 24 au zaidi, toa 24. Saa mbili usiku ni 17:00. Saa kumi na moja alfajiri ni 26, yaani 02:00.

Bado kuna mtego wa tarehe. Siku ya UTC hubadilika saa tisa usiku kwetu. Mazungumzo ya saa nane usiku wa kuamkia Jumapili yanaandikwa 23:00 ya Jumamosi. Bandika saa moja ya ukutani iliyorudishwa nyuma kwa saa tatu, iandike UTC kwa kalamu nene, na usiruhusu mtu yeyote kuirekebisha kwa huruma.

Morse

Morse, yaani herufi kwa milio mifupi (di) na mirefu (da), sio lazima kwa kila beji, ila hakuna kitu kinachotengeneza sikio haraka kama hiki. Sharti moja: usichore nukta na mistari ubaoni. Kijana anayejifunza kwa macho atasikia sauti, aihesabu, achore kichwani, kisha atafute herufi. Njia hiyo ni ndefu, na akifika maneno matano kwa dakika anakwama hapo miezi. Fundisha kwa mdomo, kama mtu anayefundisha pigo la ngoma. K ni "da-di-da". Basi, isibaki na maelezo mengine.

Anza na herufi sita za KIGOMA: da-di-da, di-di, da-da-di, da-da-da, da-da, di-da. Kwa hizo sita tu unapata kama, koma, goma, amka, mama, mimi. Wakizishika, TABORA inaongeza tatu: T ni "da", B ni "da-di-di-di", R ni "di-da-di". Sasa una bata, boma, kata, bomba, mti, mpaka barabara. Makundi ya Tabora yanaweza kugeuza mpangilio kwa heshima ya mji wao, hesabu itabaki tisa ileile.

Herufi itumwe upesi, nafasi ndizo ziwe ndefu. Kwa kasi ya maneno 15 kwa dakika, "di" ni sekunde 0.08 na "da" ni mara tatu yake. Acha sekunde mbili kati ya herufi na herufi mwanzoni, kisha punguza. Ukituma herufi yenyewe polepole, G inayeyuka: wanasikia M, halafu "di" ya mwisho inabaki peke yake kama E.

Kifaa cha mazoezi kinatengenezwa kwa kibanio cha nguo cha mbao, pini mbili za kubania karatasi zenye kichwa bapa, baza ndogo inayokubali volti 3, betri mbili za AA na nusu mita ya waya. Chomeka pini kwa ndani kwenye mikia ya kibanio, ile sehemu unayoiminya, ili zigusane ukiminya. Waya mmoja uende kwenye kila pini. Betri, pini na baza viwe kwenye mzunguko mmoja, waya mwekundu wa baza ukielekea chanya.

Pengo la kibanio ni kubwa mno kwa Morse. Chomeka kijiti kwenye mdomo wake unaobana nguo. Mdomo ukipanuka, mikia inasogeleana. Endelea mpaka pini zibaki na nafasi ya milimita 2. Baza ikitoa "tik" tu badala ya mlio, umeuziwa ile isiyo na saketi ndani yake, nayo haitalia kwa betri hata ufanyeje. Ijaribu dukani kwa betri kabla ya kulipa. Ikilia kwa kukatikakatika, sugua vichwa vya pini kwa msasa. Zile za rangi zina ngozi ya plastiki au vanishi juu.

Antena

Jumamosi ya nne yote ni ya kazi ya mikono. Antena ya kwanza iwe ya waya, nusu ya urefu wa wimbi, yenye mikono miwili inayoungwa na redio katikati. Vijana wafanye hesabu wenyewe: 142.5 gawanya kwa masafa katika MHz, jibu ni mita. Skauti duniani hukutana kwenye 14.290 MHz, bendi ya mita 20. 142.5 ÷ 14.29 ni 9.97, kwa hiyo kila mkono ni karibu mita 4.99. Kata kila upande mita 5.20. Waya mrefu unakunjwa, ila uliokatwa mfupi utauunga na aibu.

Unahitaji waya wa shaba wa mm 1.5 za mraba, mita 11. Kipande cha bomba la plastiki la umeme cha sentimita 10 kwa katikati, viwili vya sentimita 6 kwa ncha. Koaksi, waya wa kuunga antena na redio, ya omu 50, mita 15. Ile ya dishi ni ya omu 75, nayo inafaa kwa dharura, lakini nyingi zina nyuzi za alumini zisizoshika risasi, hivyo zibane kwa skrubu badala ya kuzichomelea. Usitumie mti kama kihami, yaani kizuia umeme, badala ya plastiki. Mkavu ni mzuri, ukinyeshewa unageuka kuwa sehemu ya antena.

Toboa kipande cha katikati, pitisha mikono miwili, funga fundo ili uzito uvute plastiki na siyo kiungo. Waya wa katikati wa koaksi uungwe na mkono mmoja, nyuzi za nje na mkono wa pili. Koaksi yenyewe ifungwe kwenye bomba kwa kamba. Ikining'inia kwa shaba yake itakatika upepo wa kwanza. Ziba kila tundu kwa silikoni na utepe, kwani maji yakiingia kwenye nyuzi hupanda ndani ya koaksi na kuiozesha mita kadhaa. Chini kidogo ya kiungo, zungusha koaksi yenyewe mara 8 kwa upana wa bakuli la uji na uifunge, ili mawimbi yasirudi chini kwa nje ya waya mpaka kwenye kipaza sauti.

Kabla ya kupandisha, pima kwa mita ya fundi umeme, ile inayolia nyaya zikigusana. Kati ya msumari wa katikati wa plagi ya koaksi na ganda lake kusiwe na mlio wowote. Ukilia, kuna unywele wa waya umegusa ndani ya plagi, na hilo ndilo kosa la kawaida kuliko yote. Kisha gusa msumari na ncha ya mkono mmoja: hapo ulie.

Mwembe upo kila kona Tabora na Ujiji, utumie. Ila muombe mwenyewe kwanza, hasa Oktoba matawi yakianza kubeba. Rusha chubwi ya gramu 50 kwa manati ikiwa na mshipi wa kuvulia, watu wote wakiwa nyuma ya mrushaji. Kwa mshipi vuta kamba ya nailoni, kwa kamba vuta antena. Katikati iende mita 8 hadi 10 juu, mikono ishuke pande mbili kama paa la nyumba, pembe ya juu isipungue digrii 90. Ncha zibaki mita 3 kutoka ardhini, na mita moja mbali na majani, maana majani mabichi huvuruga kipimo, na mtu akigusa ncha wakati wa kurusha ataungua. Nyaya za TANESCO ziwe mbali kiasi kwamba antena ikianguka upande wowote haizifikii.

Sasa pima SWR, yaani kipimo cha nguvu inayorudi badala ya kutoka. Tafuta masafa ambapo kipimo ni kidogo kabisa. Masafa hayo yakiwa chini ya yale unayoyataka, waya ni mrefu. Mfano: kidogo kabisa ni 13.90 MHz na wewe unataka 14.29. 13.90 ÷ 14.29 ni 0.973. Zidisha kwa mita 5.20, unapata 5.06. Kunja sentimita 14 kila upande, uzisokote juu ya waya wenyewe, upime tena. Waya wenye ngozi ya plastiki huishia kuwa mfupi kidogo kuliko hesabu, kwa hiyo usishangae. Ukifika 1.5 acha. Kuhangaikia 1.1 ni kupoteza mchana.

Usiahidi kwamba antena hii itaunganisha Kigoma na Tabora. Kati ya miji hiyo ni kilomita kama 350 kwa mstari ulionyooka, na wimbi la mita 20 linaporudi kutoka angani hutua mbali zaidi. Vijana watamsikia mtu wa Italia vizuri huku Tabora iko kimya, nao watasema redio ni mbovu. Kwa umbali huo tumia bendi ya mita 40 mchana. Masafa ya skauti ni 7.190 MHz, kila mkono mita 9.91. Hapa ning'iniza chini kwa makusudi, mita 5 tu: wimbi linapanda karibu wima na kushuka karibu.

Umeme ni wa betri ya sola au ya gari. Redio ya wati 100 hunywa ampea zipatazo 20 ikirusha. Kwa waya wa mm 2.5 za mraba wenye urefu wa mita 3 kwenda na 3 kurudi, unapoteza karibu volti 0.8, na redio inaweza kujizima katikati ya neno huku betri ikiwa nzima. Tumia wa mm 6 za mraba, fyuzi iwe karibu na betri, na punguza nguvu hadi wati 50. Yule wa mbali hataona tofauti kubwa. Kidhibiti cha sola, taa za LED na chaja za simu zirushazo kelele zichomolewe moja moja huku mkisikiliza mpaka mjue mwizi ni nani.

Mazungumzo

Wasikilize saa nzima kabla ya kubonyeza chochote, kila mmoja aandike alama za mwito tano. Kumbuka redio ya kawaida ya masafa mafupi isiyo na SSB, namna ya kurusha sauti wanayoitumia hawa, itatoa sauti ya bata, si watu. Kisha mwenye leseni akae mkono wa kulia wa kijana, kidole karibu na swichi. Kipaza sauti kiwe sentimita 5 kutoka mdomoni, kwa upande kidogo, sauti ya kawaida. Kupiga kelele hukwaruza tu.

"CQ Jamboree, CQ Jamboree, this is Five Hotel Three…", alama nzima mara mbili (CQ ni mwito kwa yeyote anayesikia), kisha kuachia na kusikiliza sekunde tano kamili. Watoto husubiri sekunde moja na kuita tena, wakimfunika anayejibu. Akijibiwa: alama ya mwenzake, ripoti ya usikivu, jina, mji. Ripoti ni tarakimu mbili, ya kwanza 1 hadi 5 kwa uwazi wa maneno, ya pili 1 hadi 9 kwa nguvu. Wafundishe kutoa 44 pale panapostahili 44. Anayempa kila mtu 59 kisha akaomba jina lirudiwe mara tatu anajichekesha mwenyewe.

Dakika kumi ni ndefu. Maswali ya "unapenda uskauti?" hujibiwa "ndiyo" na mazungumzo yanakufa. Kadi ya kila kijana iwe na maswali yasiyojibika kwa neno moja: unaona nini ukitazama nje, mlipika nini kambini, mto au ziwa la karibu likoje, doria yako (kikundi chako ndani ya skauti) ina jina gani na kwa nini. Yeye aandae majibu yake pia, ziwa Tanganyika litaulizwa tu. Jina la kwanza na mji vinatosha. Jina la ukoo, shule na namba ya simu havitajwi, kwani kila mtu anasikia.

Wakati mmoja anasema, wa pili anaandika: tarehe, saa ya UTC, masafa, hali (sauti au Morse), alama ya mwito, ripoti iliyotumwa, iliyopokelewa, jina, mji. Wanabadilishana kila mazungumzo mawili. Saini ya beji itoke kwa kazi zote mbili.

Siku nzuri ya kumalizia ni Jambori ya Hewani, wikendi ya tatu ya Oktoba, ambayo wazo lake lilianzia kwenye jambori ya 1957 Uingereza. Mita 20 mchana kwa Ulaya na Asia, mita 40 usiku. Oktoba ndiyo mvua za kwanza zinanusa huku kwetu. Mngurumo ukisikika, hata mbali upande wa Kongo, acheni kurusha, koaksi ichomolewe kwenye redio na itupwe nje ya dirisha, mtu yeyote asiishike. Mrudi nusu saa baada ya mngurumo wa mwisho.

Wiki inayofuata wajaze kadi za kuthibitisha mawasiliano, wakinakili kutoka daftarini na siyo kutoka kichwani. Yenye tarehe ya nyumbani badala ya UTC haitalingana na daftari la mwenzao, na kadi ya kwao haitakuja.